Mtoto ameandikiwa "uzito uliozidi": tunavyopima na mnachoweza kufanya nyumbani

Tangu tuanze kupima watoto wa umri wa shule, malalamiko mengi yanatoka kwa wazazi walioletewa karatasi yenye maneno "uzito uliozidi" au "kiribatumbo", yaani unene uliokithiri. Baadhi wanasema mzani ulikosea. Baadhi wametumia kikokotoo cha simu, wakapata namba ya uwiano wa uzito na urefu (BMI) iliyo chini ya 25, wakaona tumewaonea.

Hiyo 25 tumeieleza mara nyingi: ni kiwango ambacho uzito uliozidi huanzia kwa watu wazima. Uwiano wa uzito na urefu wa mtoto hubadilika na umri, kwa hiyo husomwa kwenye grafu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2007, za miaka 5 hadi 19, wavulana na zao, wasichana na zao. Mtoto huvua viatu na nguo nzito, husimama wima visigino vikigusa ubao, hupimwa urefu, kisha uzito. Kilo zake hugawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa urefu huohuo. Mtoto wa miaka 8 mwenye kilo 35 na urefu wa mita 1.28 anapata takriban 21.4. Kwa mtu mzima hiyo ni kawaida kabisa. Kwa mtoto huyo, awe wa kike au wa kiume, imevuka mstari wa +2 (mistari ya grafu huonyesha mtoto yuko mbali kiasi gani na watoto wa kawaida wa umri na jinsia yake), na hapo tunaandika kiribatumbo. Kati ya +1 na +2 tunaandika uzito uliozidi. Walio chini ya miaka 5 wana grafu zao za mwaka 2006, ambazo mistari ya kuangalia ni +2 na +3, na asiyetimiza miaka 2 hupimwa amelala. Msilinganishe kadi ya mdogo na karatasi ya kaka yake.

Kipimo kimoja hakitoshi kusema mtoto anaumwa. Kinatosha kumpeleka kwa mtaalamu wa afya, hasa kama vipimo vyake vimekuwa vikipanda kutoka mstari hadi mstari.

Hatujamwambia mzazi yeyote amfungishe mtoto. Kwa wengi lengo ni uzito usipande haraka huku urefu ukiendelea. Kumnyima mlo, kumpa dawa za kupunguza mwili bila daktari, kumtania umbo lake mbele ya wenzake: hayo yaacheni leo. Tunawaona watoto waliochekwa wakaanza kula kwa kujificha, na kuwasaidia hao huchukua muda mrefu zaidi.

Anzeni na vinywaji. Soda ya mililita 330 huwa na takriban gramu 35 za sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari huru, yaani ile inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji pamoja na ya asali na juisi, isifike asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtoto anayehitaji kilokalori 1,500, hiyo ni gramu 37 hivi. Chupa moja imekaribia kumaliza kiwango cha siku nzima. Na tafadhali, juisi ya matunda matupu haisameheki kwa sababu mmeikamua wenyewe: sukari yake imo kwenye hesabu hiyohiyo, na asali pia. Tunda zima halimo. Maji yawe kinywaji cha nyumba nzima, baba na mama wakiwemo.

Mboga aliyoikataa mara tatu irudisheni mezani bila kulazimisha. Huenda akahitaji kuionja mara kumi au zaidi. Ninyi chagueni chakula na saa ya kula, yeye aamue ameshiba lini. Pipi isiwe zawadi ya kumaliza sahani.

Michezo ya kumtoa jasho, wastani wa dakika 60 kwa siku.

Mzazi anayeamini kipimo kilikosewa ana haki ya kuomba kirudiwe. Aje na mtoto mwenyewe, karatasi ya awali na tarehe kamili ya kuzaliwa. Mwezi ukikosewa, tunaweza kusoma sehemu isiyo yake kwenye grafu.