Nyama za puani: kukoroma kwa mtoto kunakofika mpaka kwenye moyo

Maswali haya huulizwa mara kwa mara na wazazi wanaoleta watoto kliniki kutoka Tabora mjini, Urambo, Sikonge na Kaliua.

Nyama za puani ni kitu gani?

Ni tezi zilizo nyuma kabisa ya pua, juu ya kaakaa, ambazo kitaalamu huitwa adenoidi. Kila mtoto anazo, na husaidia kinga ya mwili. Huwa kubwa zaidi kati ya miaka 3 na 7, kisha husinyaa. Huwa ugonjwa pale zinapovimba hadi kuziba njia ya hewa.

Mwanangu anakoroma kama mtu mzima. Si ni usingizi mzito tu?

Hapana. Mtoto asiye na mafua anayekoroma karibu kila usiku huenda anapigania hewa. Mfunue shuka umtazame kwa utulivu: mdomo uko wazi, shingo ameirudisha nyuma, na kila anapovuta pumzi sehemu iliyo chini ya mbavu inabonyea. Kisha panakuwa kimya kwa sekunde kadhaa, halafu anashtuka na kuvuta hewa kwa kishindo. Wazazi wengi hufurahia ukimya huo wakidhani ameacha kukoroma, kumbe ndipo pumzi imekatika. Mrekodi kwa simu dakika mbili tatu, uje na video hiyo, kwa sababu mchana mtoto huyo huyo hucheza vizuri, na asipoelezwa ya usiku daktari anaweza kuishia kumwandikia dawa ya kikohozi.

Pua inahusianaje na moyo na mapafu?

Pumzi ikikatika mara nyingi usiku, oksijeni katika damu hushuka na kabonidayoksaidi hujilimbikiza. Mishipa ya damu ya mapafuni ikikosa oksijeni hujibana, na upande wa kulia wa moyo, ambao ndio unaosukuma damu kwenda mapafuni, hulazimika kutumia nguvu zaidi usiku baada ya usiku, hadi misuli yake inanenepa, inatanuka na mwishowe inachoka. Si kila mtoto hufika huko. Wanaofika huletwa wakihema, miguu na ini vimevimba, baada ya kutibiwa nimonia au pumu mara kadhaa bila mtu kuuliza wanalalaje. Tatizo likigunduliwa mapema na tezi zikaondolewa, mara nyingi shinikizo la damu kwenye mishipa ya mapafu hushuka na moyo hupata nafuu.

Bibi yake anasema atakua ataacha. Tusubiri?

Shikamoo yake bibi, lakini msisubiri. Ni kweli kwamba tezi husinyaa mtoto anapokua, ila mwenye miaka 3 ambaye pumzi yake inakatika leo hawezi kuambiwa avumilie miaka mitano. Kusubiri huko ndiko kunakotuletea watoto ambao moyo wao umekwisha kuchoka.

Tumeshauriwa akatwe kimeo.

Msimkate. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia kooni, nacho hakina kosa lolote. Adenoidi ziko juu na nyuma yake, mahali ambapo huwezi kupaona hata ukimwasamisha mtoto. Wembe wa mkata vimeo huleta kutokwa na damu nyingi, pepopunda na maambukizi ya VVU, na baada ya maumivu yote hayo mtoto anaendelea kukoroma vilevile, huku wiki za matibabu zimepotea. Nasema tena, maana wiki ijayo nitaulizwa tena: kukata kimeo hakutibu nyama za puani.

Na kumdondoshea mafuta puani?

Mafuta yanaweza kuteremka mapafuni na kuleta nimonia. Acheni. Maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa ajili ya pua yanatosha.

Hospitali watafanya nini?

Watampima oksijeni na kumpiga eksirei ya shingo kwa ubavu, au daktari bingwa wa masikio, pua na koo atatazama kwa kamera ndogo. Dalili za moyo zikiwepo, atapimwa moyo kwa mawimbi ya sauti kabla ya nusukaputi. Wengine hupewa kwanza dawa ya kupuliza puani. Upasuaji hupitia mdomoni na hauachi kovu usoni.

Moshi una madhara?

Unayo. Huchokoza pua na mapafu ambayo tayari yanahangaika. Mtoto huyu asilale jikoni penye mkaa, wala karibu na bani la kukaushia tumbaku, na baba avutie sigara mbali na nyumba.

Nauli hatuna mpaka masoko ya tumbaku yafunguliwe.

Kama pumzi inakatika usingizini, midomo inageuka bluu, anahema au miguu imevimba, nendeni leo hii kituo kilicho karibu, hata kama ni zahanati, mwandikiwe rufaa. Kwa sera ya afya, mtoto wa chini ya miaka 5 husamehewa malipo katika vituo vya umma. Aliyezidi umri huo na familia haina uwezo, ombeni kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kukata tamaa na kurudi nyumbani.