Je, wajua kwa nini pete ya zumaridi haioshwi kwa maji ya moto?

Pete ya dhahabu tupu ukimpelekea sonara wa Mwanza mjini, anaitumbukiza kwenye mashine ya mtetemo yenye maji ya moto na sabuni, nayo inatoka inang'aa. Mpe yenye zumaridi. Sonara anayejua kazi yake ataiweka mashine kando, achukue maji ya vuguvugu, tone la sabuni na mswaki laini.

Si kwamba jiwe ni laini. Kwenye kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10, zumaridi ina 7.5 hadi 8, wakati kwatzi, madini yanayounda sehemu kubwa ya mchanga na iliyojaa kwenye graniti ya Jiwe la Bismarck na miamba mingine ya Mwanza, ina 7. Ukisugua sufuria kwa mchanga huku umevaa pete, kitakachochubuka kwanza ni dhahabu.

Tatizo liko ndani. Zumaridi ni aina ya madini ya berili, ambayo yakiwa safi hayana rangi. Ukijani huletwa na chembe za metali ya kromiamu, mara nyingine vanadiamu. Na kromiamu hiyohiyo, ikiingia kwenye madini mengine, ndiyo inayoifanya rubi iwe nyekundu. Sasa, beriliamu, elementi inayounda berili, na kromiamu kwa kawaida hukaa kwenye miamba tofauti. Ili zikutane, majimaji ya moto yenye beriliamu lazima yapenye kwenye mwamba wenye kromiamu, huku ardhi ikijikunja na kukandamiza. Kwa hiyo zumaridi nyingi hutoka ardhini tayari zina nyufa, hata zile za Manyara zilizogunduliwa mwaka 1970. Ukiuziwa zumaridi kubwa, safi kabisa na kwa bei ya kutupa, shuku kioo.

Wafanyabiashara huzijaza nyufa hizo mafuta yasiyo na rangi, hasa ya mwerezi, au gundi maalumu, zisionekane. Si utapeli, mradi mnunuzi aambiwe. Ila joto na mtetemo huyatoa mafuta, na ufa ulioonekana kama haupo unajitokeza kama uzi mweupe. Jiwe linaweza hata kupasuka. Dawa ya kufutia rangi ya kucha nayo huyayeyusha. Mafuta yakitoka, jiwe huweza kutiwa upya, lakini ufa uliopanuka haurudi.

Plinio, mwandishi Mroma wa karne ya 1, aliandika kwamba wachonga vito walipumzisha macho yao kwa kuitazama zumaridi. Hilo halina madhara. Kinachoiumiza ni jikoni: unapaa sato, mkono unateleza, pete inagonga ukingo wa sinki. Ivue kwanza, na usiihifadhi pamoja na almasi, maana almasi itaichuna.

Kama wewe si mtu wa kukumbuka kuvua pete, kuna tsavoriti, kito cha kijani cha jamii ya ganeti ambacho mwanajiolojia Campbell Bridges alikigundua Simanjiro mwaka 1967. Ugumu wake ni 7 hadi 7.5, chini kidogo ya zumaridi, lakini kwa kawaida haina nyufa nyingi wala haitiwi mafuta. Binafsi, kwa pete ya kuvaa kila siku, ningechukua hiyo.