Kushuka kwa volti: mita inasema umeme upo, redio haiwaki

"Umeme upo, nimepima, lakini haiwaki." Fundi yeyote wa redio ameisikia kauli hiyo mpaka masikio yamezoea. Ukijiungia mwenyewe redio ya ridhaa, ile ya kutuma na kupokea inayouzwa vipande vipande, bodi tupu na vifuko vya rezista na kapasita, kuna siku itakutoka na wewe. Wala hutakuwa unadanganya. Mita ya kupimia umeme kweli inasoma volti 12.6 za betri. Tatizo ni kwamba hiyo 12.6 haifiki kwenye redio pale redio inapoihitaji, na kinachoeleza hali hiyo kinaitwa kushuka kwa volti.

Volti ni tofauti kati ya sehemu mbili, ndiyo maana mita ina ncha mbili. Umeme unapopita kwenye kitu chenye ukinzani, iwe waya, fyuzi, swichi au kiungo cha risasi ya kuchomea, sehemu ya volti inaishia hapohapo. Ngapi zinaishia? Mkondo mara ukinzani. Ni kanuni aliyoichapisha Mjerumani Georg Ohm mwaka 1827, na kila aliyepita kidato cha pili ameikariri. Lakini wengi wanakariri nusu ya ukinzani na kusahau nusu ya mkondo: pasipo mkondo, volti hazishuki hata kama njia ni mbovu kiasi gani, ilimradi haijakatika kabisa.

Simtanki la uwani linaonyesha jambo hili vizuri. Maji yetu ya Dodoma yana chumvi, na bomba la siku nyingi huziba kwa ndani. Koki ikiwa imefungwa, presha nyuma yake ni ileile, bomba liwe jipya au limeziba robo tatu. Ukifungua koki ndipo unapojua, maana yanatoka matone.

Sasa mita ya dijitali ya kawaida ina ukinzani wa ndani wa ohmu milioni 10. Ukiigusisha kwenye volti 12 inavuta takriban sehemu moja ya milioni ya ampea, yaani si kitu. Hiyo ni koki iliyofungwa. Tuseme kwenye njia ya umeme kuna kiungo ambacho risasi haikushika sawasawa, chenye ohmu 60. Ukipima bila redio kuvuta chochote, unaona 12.6 kamili. Washa redio. Kwa kupokea tu, redio ndogo ya aina hii inavuta kama ampea 0.1. Zidisha kwa 60: volti 6 zimeishia kwenye kile kiungo, zimebaki 6.6. Diodi ya ulinzi, ile inayozuia umeme ukifungwa kinyume, inachukua kama 0.3 yake. Zinazofika kwenye regyuleta ya 7805, kile kipande kinachoshusha umeme hadi volti 5, ni 6.3, na 7805 inataka kama volti 2 zaidi ya 5 inazotoa. Kwa hiyo itatoa nne na kitu. Prosesa, yaani ubongo wa redio, kama ATmega328 inayokimbia kwa megahezi 20 inataka angalau 4.5, basi inagoma. Kwa uhalisia mkondo nao unapungua redio ikibanwa, hivyo usiidai hesabu hii mpaka desimali ya mwisho. Ila picha ndiyo hiyo: kiungo kimoja kibovu, na redio nzima inaonekana maiti.

Ndiyo maana mazungumzo kama haya hutokea mezani kwa fundi:

"Fundi, nimepima kwenye bodi, kumi na mbili nukta sita."

"Swichi ulikuwa umewasha?"

"Hapana, niliizima nisije nikapiga shoti."

"Basi mdogo wangu, redio hujaipima. Umepima betri."

Njia nzuri ya kutafuta volti zilizopotea ni kuwasha redio, kisha kuweka ncha moja ya mita upande huu wa kifaa na nyingine upande ule. Yaani unapima kifaa chenyewe kimekula ngapi. Fyuzi nzima inasoma karibu sifuri. Swichi nzima, sifuri. Diodi ya Schottky kama 1N5817 inasoma kati ya 0.2 na 0.4, na ukikuta mtu ameweka 1N4007 badala yake utasoma kama 0.7, jambo linalovumilika kwenye betri iliyojaa na linaloudhi betri ikianza kuisha. Fyuzi iliyokatika ndiyo inasoma volti zote 12. Hili huwachanganya wanaoanza: wanaona 12 kwenye fyuzi wanafurahi, kumbe 12 kwenye fyuzi ni msiba. Volti zote zimeishia pale, redio haijapata hata moja.

Gustav Kirchhoff alishaliweka sawa mwaka 1845: ukijumlisha kila kilichoshuka ukizunguka njia nzima, jumla lazima iwe sawa na volti za betri. Kwa hiyo volti hazipotei kiuchawi. Kama betri inatoa 12.6 na redio inapata 6.6, zile 6 zina anwani, na mita itakupeleka mlangoni.

Kuna mtego mmoja. Njia ikiwa imekatika sehemu mbili, ukipima sehemu moja peke yake unaweza kusoma sifuri au namba isiyotulia, ukadhani ni nzima. Hapo weka ncha nyeusi kwenye hasi ya betri uiache hukohuko, tembeza nyekundu kuanzia chanya ya betri kuingia ndani, hatua kwa hatua. Pale namba inapoanguka ndipo penye ubaya wa kwanza. Ukifika kwenye 7805, mguu wake wa katikati ni erthi, yaani upande wa hasi. Ukiitazama usoni kwenye maandishi, kushoto umeme unaingia, kulia unatoka. Miguu imekaribiana sana: ncha ya mita ikiteleza na kuunganisha wa kushoto na wa kulia, volti 12 zinaingia moja kwa moja kwenye prosesa. Tumia klipu, na usipime huku unaongea na simu.

Hasi nayo ni njia. Watu wanahangaika na waya mwekundu na kusahau kwamba mkondo unaokwenda ndio unaorudi, na kiungo kibovu upande wa erthi kinakula volti sawasawa na upande wa chanya. Pima kati ya hasi ya betri na erthi ya bodi redio ikiwa imewashwa. Ukisoma zaidi ya sehemu ndogo ya volti, umempata mwizi. Kwenye redio za kujiungia hili ni la kawaida, kwa sababu erthi ya bodi ni shaba pana inayonyonya joto, na chuma kidogo cha kuchomea hakifikishi moto wa kutosha. Risasi inajikunja kama tone juu ya mguu badala ya kutambaa na kung'aa. Kwa macho imeshika, kwa umeme imelala juu tu.

Mwizi mwingine wa kila siku ni plagi ya adapta. Zile adapta za volti 12 za ruta na kamera za ulinzi zinazouzwa kila kona ya mji, plagi zake za mviringo zina kipenyo cha nje milimita 5.5, lakini tundu la katikati lipo la 2.1 na lipo la 2.5. Plagi ya 2.5 inaingia vizuri kabisa kwenye soketi ya 2.1, ila pini ya katikati inacheza ndani bila kubanwa. Ongeza vumbi la upepo wetu wa kiangazi na una kiungo kinachoshika ukitikisa na kuachia ukiweka chini. Kama redio inawaka ukishika waya kwa mkono, usifungue bodi kwanza, badilisha plagi.

Diodi ikisoma volti zote 12, ama umeifunga kinyume ama chanya na hasi zimebadilishana. Rudi kwenye soketi: mita ikionyesha alama ya kutoa mbele ya namba, kosa liko kwenye waya, na diodi imekuokoa.

Volti zinaweza pia kushuka kabla hata hazijaanza safari, ndani ya betri au adapta yenyewe. Pima kwenye vituo vya betri redio ikiwa imewashwa. Kama 12.6 imeporomoka hadi 3, au taa ya adapta inapepesa kama inakonyeza, ndani kuna shoti na mkondo ni mkubwa kupita kiasi, au chanzo chako kimechoka. Zima mara moja. Nenda kwa muuza spea za bodaboda, nunua balbu ya indiketa ya volti 12, wati 10, uiunge kwenye waya wa chanya ili umeme wote upite ndani yake. Redio nzima ikivuta ampea 0.1, balbu haiwaki au inaonyesha wekundu hafifu, na volti inazokula ni chache. Kukiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu zote na mkondo hauzidi ampea 0.8 hivi, kwa hiyo hakuna kinachoungua wakati wewe unatafuta risasi iliyomwagikia miguu miwili. Mimi nisingewasha redio mpya kwa mara ya kwanza bila balbu hiyo. Ikikubali, itoe kabla ya kujaribu kutuma, maana kutuma kunavuta mkondo mwingi na balbu nayo itageuka kuwa mwizi wa volti. (Kutuma hewani ni jambo la leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, na alama yako ya wito itaanza na 5H. Kupima kwenye mzigo bandia, yaani rezista inayowekwa mahali pa antena, hakumsumbui mtu.)

Je, ukipima kwenye miguu ya umeme ya prosesa ukakuta 5 zimetimia, redio ikiwa imewashwa, na bado kioo cha maandishi ni kitupu? Basi achana na kushuka kwa volti, hapo umeme umefika. Kioo cha mistari miwili kina rezista ya kuzungusha kwa bisibisi inayorekebisha ukolezi wa maandishi, na ikiwa imezungushwa hadi mwisho mmoja, redio inaweza kuwa inafanya kazi vizuri bila wewe kuona herufi hata moja. Izungushe taratibu. Yakitokea maandishi, kazi imekwisha. Vikitokea vijiboksi vyeusi mstari wa juu tu, kioo kimepata umeme lakini prosesa haijaongea nacho, na sasa unaangalia kristali inayoipa prosesa mapigo, soketi ya prosesa, na kama prosesa yenyewe hukuichomeka kinyume.