Bima ya Afya kwa Mtu Aliyewahi Kuhukumiwa Nchini Marekani

Swali ambalo washauri wa bima ya afya huulizwa mara kwa mara na jamaa za watu waliotoka gerezani, zikiwemo familia zinazozungumza Kiswahili zilizohamia Marekani, ni kama mwenye rekodi ya jinai anaruhusiwa kukata bima. Anaruhusiwa. Fomu ya maombi ya HealthCare.gov, yaani soko la bima lililoanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2010, haiulizi kama mwombaji aliwahi kutiwa hatiani. Inauliza kama kwa sasa anatumikia kifungo. Tofauti kati ya maswali hayo mawili ndiyo inayowapotosha wengi, wakaacha kuomba haki ambayo hakuna aliyewanyang'anya.

Kwa mujibu wa kanuni za soko hilo, anayehesabiwa kuwa amefungwa ni yule anayetumikia adhabu ndani ya gereza au jela. Mahabusu ambaye kesi yake haijaamuliwa hahesabiwi hivyo, wala aliye chini ya probesheni (uangalizi badala ya kifungo), aliyeachiwa kwa parole (kwa masharti, kabla ya kumaliza kifungo), au anayetumikia kifungo akiwa nyumbani kwake. Pengine mkanganyiko huu umetokana na sheria ya mwaka 1996, ambayo iliwazuia waliotiwa hatiani kwa makosa makubwa ya dawa za kulevya kupata msaada wa chakula na wa fedha taslimu, katazo ambalo majimbo mengi yamekwisha kulilegeza. Medicaid, bima ya serikali kwa watu wenye kipato kidogo, haikuwemo katika katazo hilo.

Ndani ya gereza mambo ni mengine. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani katika shauri la Estelle dhidi ya Gamble mwaka 1976, mamlaka inayomshikilia mfungwa ina wajibu wa kumtibu, na kwa kawaida mamlaka hiyo ndiyo inayolipa gharama. Medicaid, tangu ilipoanzishwa mwaka 1965, hailipii matibabu ya mfungwa isipokuwa anapolazwa katika hospitali iliyo nje ya gereza. Kwa sababu hiyo majimbo kadhaa yalikuwa yakifuta kabisa uanachama wa kila aliyefungwa, naye akitoka alilazimika kuanza maombi upya kama mgeni. Tangu tarehe 1 Januari 2026 sheria ya shirikisho inayataka majimbo kusimamisha uanachama huo badala ya kuufuta, ili urejeshwe mtu anapoachiwa. Hata hivyo, kwa maoni yangu si busara kungoja kompyuta za jimbo zizungumze na za gereza. Ni afadhali mfungwa au ndugu yake aulize mapema, kwa maandishi, kama bima hiyo imekwisha kufunguliwa.

Uharaka huo una sababu. Utafiti uliofanyika katika jimbo la Washington na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba katika wiki mbili za kwanza baada ya kutoka gerezani, hatari ya kufariki ilikuwa takriban mara 13 ya ile ya wakazi wengine wa jimbo hilo, na iliyoongoza kwa kuua ilikuwa kuzidisha dawa za kulevya. Mgonjwa wa kisukari au wa akili anayetoka na dawa za siku chache tu hawezi kusubiri mwezi mzima. Ombi la Medicaid hupokelewa wakati wowote wa mwaka, na linaweza kujazwa mtu angali ndani. Baadhi ya majimbo, California ikiwa ya kwanza kupata kibali mwezi Januari 2023, yameruhusiwa kugharimia baadhi ya huduma hadi siku 90 kabla ya mfungwa kuachiwa.

Katika majimbo 40 yaliyopanua Medicaid, pamoja na jiji la Washington, mtu mzima asiye na watoto hustahili Medicaid ikiwa kipato chake hakizidi asilimia 138 ya kiwango rasmi cha umaskini, yaani takriban dola 21,600 kwa mwaka kwa hesabu ya 2025. Majimbo kama Texas na Florida hayakupanua mpango huo. Huko anayetoka gerezani hubaki na soko la bima, ambalo humpa siku 60 tangu alipoachiwa ili achague mpango bila kungoja msimu wa kawaida wa kujiandikisha; zikipita, atasubiri msimu huo. Ruzuku ya soko, yaani msaada wa serikali wa kulipia bima hiyo, hupimwa kwa kipato kinachotarajiwa mwaka mzima, hivyo aliyeahidiwa kazi aihesabu. Asiye na kipato atakwenda kwenye vituo vya afya vya jamii vinavyofadhiliwa na serikali kuu, ambavyo hutoza kulingana na uwezo wa mgonjwa.

Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 inayataka majimbo yaliyopanua Medicaid kuanza, kufikia 1 Januari 2027, kudai saa 80 za kazi au shughuli zinazokubalika kila mwezi. Aliyetoka gerezani ana msamaha wa miezi mitatu. Kwa wazee wanaostahili Medicare, bima ya serikali iliyo tofauti na Medicaid, walioachiwa tangu mwanzo wa 2023 wana miezi 12 ya kujiandikisha bila kutozwa adhabu ya kuchelewa.

Kwa asiye raia, hatia inaweza kuigusa bima kwa njia ya mzunguko. Sheria hiyohiyo ya 2025 inaondoa wakimbizi katika Medicaid ya kawaida kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026, hadi wapate ukazi wa kudumu, na baadhi ya makosa ya jinai yanaweza kuzuia ukazi huo. Mkimbizi mwenye kesi amwone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kukubali kosa mahakamani, hata kama ameahidiwa kwamba hatalala jela usiku mmoja.