Mzazi, kuimba "ei bii sii" sio kusoma: malalamiko ya Kiingereza darasa la kwanza na la pili

Toka shule zifunguliwe haipiti wiki ofisini kwetu, ofisi ya elimu hapa Mtwara, hajaja mzazi na daftari la mtoto mkononi, na shauri ni lile lile, mwalimu hafundishi Kiingereza, anafundisha watoto kulia kama nyoka. Sss, sss. Juzi alikuja baba mmoja mkulima wa korosho, katoka kijijini na pikipiki, mtoto wa darasa la pili kampakia mbele. Anasema, "Mwalimu, huyu mimi mwenyewe nimemfundisha ei bii sii mpaka zedi, anaimba zote, leo shuleni anaambiwa hii sio es, ni sss. Sasa nani muongo hapo?"

Nikachukua daftari nikaandika neno la Kiingereza, "mate". Mtoto kasoma haraka haraka, mate, yale ya mdomoni, alafu kaziba mdomo kwa kucheka. Nikaandika "pale". Kasoma pale, na kidole kaonesha mlangoni. Nikaandika "same", hapo baba akadakia yeye mwenyewe, "Same hiyo, kule Kilimanjaro, mdogo wangu anaishi huko."

Mtoto hajakosea kusoma jamani. Kasoma vizuri sana, ila kasoma Kiswahili.

Kiswahili ukishajua irabu 5 na silabi zake umemaliza, ba be bi bo bu, herufi ilivyo ndivyo inavyosomwa leo na kesho. Kiingereza kina herufi 26 lakini sauti zake ni kama 44, na irabu peke yake zinafika kama 20, zote zinabanana kwenye herufi zile zile tano. Kwa hiyo mtoto akikariri majina ya herufi tu hana anachopata, chukua "cat", majina yake ni sii, ei, tii, ziunganishe uone kama utapata paka. Ndo maana mwalimu anaanza na sauti, na walimu wetu wa Mtwara waliopita kwenye mafunzo ya Tusome Pamoja, ule mradi wa kufundisha kusoma madarasa ya chini, wanaijua hii njia vizuri kwenye Kiswahili, sio kitu cha kuokota barabarani.

Ila na nyie walimu mnisikie, kuna wanaosema wanafundisha sauti kumbe wanafundisha silabi. Unakuta mwalimu anasema "ka, a, ta" alafu anashangaa darasa zima linajibu "kaata". Ulimi wetu unapenda kumalizia na irabu, ndo maana bus ikawa basi na shirt ikawa shati, na hamna ubaya, lakini kwenye kusoma Kiingereza ile irabu ya kuongezea inaharibu neno. Sema mmm, usiseme ma. Sema t kavu ya kukata, usiseme ta. Na R na L zinazopishana midomoni kwa watoto wetu wengi, zifanyieni kazi kwa kusikia kwanza kabla ya kuandika, maana "rice" ni wali na "lice" ni chawa, sitaki kusikia mtoto wa Mtwara kala chawa.

Mpangilio unaotumika sana unaanza na s, a, t, p, i, n, sio a, b, c, d. Mzazi anaona mwalimu karuka b anadhani kalewa. Zile sita zimechaguliwa kwa sababu mtoto akizijua siku hiyo hiyo anaandika maneno, sat, tin, pan, nap, sip, wakati ukimpa a, b, c, d ataishia kwenye machache kama cab na bad. Baada ya hapo ndo zinakuja herufi mbili zinazotoa sauti moja kama sh na th, alafu ndo ile e ya mwisho isiyotamkwa. "Mat" ni mkeka, weka e mwishoni, e yenyewe inanyamaza lakini inaiambia a iliyoko nyuma iseme jina lake, inakuwa "meit", yani rafiki. Hapo ndo ile "ei" ya baba inapata kazi! Haijatupwa, zamu yake ilikuwa bado.

Na hiyo e sio uchawi. Kama miaka 700 iliyopita Waingereza wenyewe walikuwa wanaitamka, "name" walilisema karibu kabisa na anavyolisoma mtoto wetu leo, na-me, na "knife" k yake ilisikika. Mfanyabiashara mmoja Mwingereza, William Caxton, akapeleka mashine ya kuchapa Uingereza mwaka 1476, tahajia ikaanza kuganda, midomo ikaendelea kubadilika. Tumerithi maandishi ya zamani na matamshi ya sasa, basi.

Kanuni zipo na zinafundishika. C ikifuatwa na e, i au y inasoma s. "Hop" ukiongeza -ing unarudia p, "hopping", lakini "hope" inadondosha e inakuwa "hoping", p moja. "Have" na "give" zina e ambayo haifanyi kazi yoyote kwenye irabu, ipo tu kwa sababu maneno ya Kiingereza kwa kawaida hayapendi kuishia na v. Ile ya i kabla ya e isipokuwa baada ya c naomba muipunguze, "their" na "weird" zinawaumbua mbele ya watoto.

Sasa viboko. Tunasikia watoto wanachapwa kwa makosa ya imla, shule sitaji. Kanuni za viboko za 2002 zinasema viboko ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu au kosa zito, mwenye mamlaka ni mwalimu mkuu, akimkasimu mwalimu mwingine iwe kwa maandishi, kwa maandishi nasema, havizidi vinne, umri, jinsia na afya viangaliwe, mtoto wa kike anachapwa na mwalimu wa kike isipokuwa shule haina kabisa, na kila mara inaandikwa kwenye kitabu maalum, jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko, jina la aliyechapa, na mwalimu mkuu anasaini. Haya, kwenye kosa utaandika nini, "kasahau p moja"? Anayekiuka anajiingiza kwenye hatua za kinidhamu mwenyewe, na asije kuniambia alikuwa anamsaidia mtoto.

Vitabu vya ziada navyo, hata kiwe na picha nzuri kiasi gani, darasani kinaingia chenye ithibati ya Kamishna wa Elimu. Nyumbani mzazi ana uhuru wake.

Na wanaodai mambo haya wangesubiri darasa la tatu, huo ni mtaala wa 2015. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024 na Kiingereza kinaanza darasa la kwanza, kama somo, lugha ya kufundishia kwenye shule zetu za kawaida za serikali bado Kiswahili. Ukiwa na lalamiko anza na mwalimu wa darasa, alafu mwalimu mkuu, alafu kamati ya shule, alafu Afisa Elimu Kata, ndo uje kwetu. Sio uruke wote hao.

Yule baba alinielewa, au alichoka. Kashapanda pikipiki kageuka, "Sasa Same nayo wanaisomaje?" Nikamwambia kwa Kiingereza ni "seim", maana yake ile ile. Ila ukienda stendi kukata tiketi, baba, sema Same.