Saa 8 za usingizi hazimtoshi mtoto wa shule ya msingi

Wazazi wengi tunaamini kwamba saa 8 za usingizi zinamtosha kila mtu, mkubwa kwa mdogo. Hapana, hizo ni za mtu mzima. Mwongozo uliotolewa mwaka 2016 na wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani unasema mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 kila siku, na kijana wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Kwa hiyo mdogo anayeamshwa saa 12 asubuhi awe ameshasinzia kufikia saa 3 usiku, na hapo tumechelewa kabisa.

Kinachotupotosha ni kwamba mtoto aliyepungukiwa usingizi mara nyingi haonyeshi kusinzia. Mtazame jioni: anarukaruka juu ya kochi, analia kwa sababu penseli imevunjika ncha, anasoma mstari uleule mara tatu. Tunasema ana nguvu nyingi, kumbe masikini amechoka!

Kumwacha alale mpaka mchana siku ya Jumapili hakufidii yote aliyokosa. Tena usiku wake atagaagaa kitandani, na Jumatatu ataamka akiwa hoi.