Faiba Ikizima Siku 11: Unadai Nini, na Kwa Nani?

Taa ya LOS kwenye ruta ya mama, ile inayoonya kwamba mawimbi ya faiba yamepotea, iligeuka nyekundu Jumatano jioni nyumbani Tudor, Mombasa. Ilikuja kutulia Jumapili ya wiki iliyofuata. Siku 11 bila intaneti, na bila simu ya mezani pia, kwa sababu simu hiyo sasa inapita kwenye waya uleule wa faiba. Zamani za Posta na Simu ilikuwa na waya wake wa shaba.

Muda wote huo kila aliyepita barazani kunywa kahawa alitoa fatwa yake kuhusu fidia. Nyingi zilikuwa si kweli, na moja ilitugharimu.

"Ni kebo ya baharini, hapo humdai mtu."

Hii ndiyo inayopendwa zaidi hapa kwetu, na si ajabu. Kebo zenyewe zinatua Mombasa: SEACOM na TEAMS tangu 2009, EASSy mwaka uliofuata. Na kukatika hukatika kweli. Februari 2012 nanga ya meli iliikata TEAMS nje ya bandari yetu. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikatambaa.

Lakini kebo ya baharini ikikatika, tunaumia wengi kwa pamoja, na dalili yake ni mtandao kuwa mzito au baadhi ya huduma kutofunguka. Haiwashi taa nyekundu ya LOS nyumbani kwako peke yako. Taa hiyo maana yake mwanga haufiki kwenye ruta kutoka upande wa kampuni: wachimba barabara wamekata waya, kiungo kimeachia, au kama ilivyokuwa kwetu, lori la mchanga limepita likauburura waya uliokuwa umelegea kati ya nguzo mbili. Jirani wa nyumba ya tatu, mteja wa kampuni nyingine, alikuwa akitazama mpira kama kawaida huku sisi tukiambiwa kwenye simu habari za bahari. Basi piga picha ya ruta taa zikionekana, kisha uulize majirani. Taa zote zikiwa zimezima, angalia umeme kwanza kabla hujamgombeza mtu.

"Siku zinahesabiwa tangu mtandao ulipokufa."

Hapa ndipo tulipoliwa. Mama hakupiga simu kwa kampuni. Alimpigia yule kijana aliyekuja kufunga ruta, kwa kuwa ana namba yake na ni mtu wa adabu. Kijana akasema, "Mama, nakuja kesho." Kesho ikawa kesho kutwa. Ijumaa ndipo mimi nilipoingilia kati nikapiga huduma kwa wateja na kupewa namba ya tiketi, yaani namba ya lalamiko letu kwenye rekodi zao. Hesabu ya kampuni ikaanzia Ijumaa hiyo: siku 9, si 11.

Fundi si kampuni. Wengi wao hata si waajiriwa wake. Ni watu wa kandarasi. Ukiripoti, ripoti mahali panapobaki alama: barua pepe, ujumbe, programu ya kampuni. Ukilazimika kupiga simu, omba namba ya tiketi na uandike saa. Binafsi naona ile namba ina nguvu kuliko makelele yote niliyowahi kuyasikia kwenye kaunta.

"Kurudishiwa siku na kulipwa fidia ni kitu kimoja."

Ni madai mawili tofauti, na kuyachanganya ndiko kunakofanya watu warudi mikono mitupu. La kwanza ni hesabu ya darasa la tatu. Ukilipa shilingi 3,000 kwa mwezi wa siku 30, kila siku ni shilingi 100. Siku 9 ni 900. Hudai huruma hapo, unadai kitu ulichokilipia na hukukipata. Kampuni inaweza kukurudishia kwa kusogeza mbele tarehe ya malipo, na ndivyo mama alivyofanyiwa baada ya barua moja.

Fidia ni ya hasara iliyokupata kwa sababu ya kukatika huko. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma ya ubora unaofaa, na haki ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro ya bidhaa au huduma. Ila hasara lazima uioneshe. Mama hupokea oda za mahamri na vitumbua kwa WhatsApp. Bando alizonunua siku hizo zina ujumbe wa M-Pesa, shilingi 1,350 jumla; hiyo inashikika. Oda "ambazo zingekuja" hazishikiki, labda uwe na rekodi ya wiki nyingi za nyuma kulinganisha. Uchungu wa kukosa tamthilia ya saa mbili usiku, samahani mama, tuliuacha nje ya barua.

"Ng'ambo pesa huja zenyewe, hata huku ni hivyo."

Shemeji yetu yuko London na hakusema uongo, ila alisema ya kwao. Uingereza, chini ya mpango wa mdhibiti wao Ofcom ulioanza Aprili 2019, kampuni zilizojiunga humlipa mteja bila kuombwa iwapo simu ya nyumbani au intaneti haijatengenezwa baada ya siku mbili kamili za kazi. Walianza na pauni 8 kwa kila siku ya ziada. Kenya hatuna mpango wa kujilipa namna hiyo. Usipodai, mwezi unapita na bili inakuja kamili.

"Ulitia sahihi, na mkataba unasema hawawajibiki."

Soma mkataba, naam. Lakini Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inasema haki ilizozitoa haziondolewi na makubaliano, na kwamba mtoa huduma anachukuliwa kuwa ameahidi huduma ya ubora unaokubalika. Kipengele chenye utata kinasomwa kwa faida ya mteja. Dhoruba iliyoangusha nguzo inaweza kuiondolea kampuni lawama. Waya uliolegea miezi mitatu huku watu wakiulalamikia, sidhani.

"Acha kulipa, utawakomoa."

Utajikomoa wewe. Kwa huduma ya kulipia kabla, watakufungia tu. Kwa ya kulipia baadaye, deni litakuwa na jina lako.

"Nenda moja kwa moja kwa serikali."

Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo ina ofisi ya kanda hapa Mombasa, hupokea malalamiko. Swali lao la kwanza litakuwa: kampuni ilikujibu nini? Kanuni za kulinda watumiaji za 2010 zinazitaka kampuni ziwe na utaratibu wa kushughulikia malalamiko, kwa hiyo mlango wa kwanza ni wao. Ukienda na tiketi, barua na majibu yao, au ushahidi kwamba walinyamaza, unasikilizwa.

Na mahakama? Watu husikia neno hilo wakaona wakili, joho na miaka saba. Mahakama ya Madai Madogo ipo Mombasa, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, unaweza kujisimamia mwenyewe, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Kwa shilingi 900 singekwenda. Kwa mtu aliyepoteza kazi ya mtandaoni yenye mkataba na ankara, ningekwenda.

Kuna jambo moja ambalo barazani hawakuligusa: waifai ya mtaa. Kisauni na Bamburi wako vijana wanaonunua laini moja na kuigawa nyumba ishirini kwa bei ya chini. Anayeuza intaneti anatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka. Ukimlipa asiye nayo, kampuni iliyo nyuma yake haikujui, na daftari lake ndilo risiti yako. Unaweza kumdai yeye, ila utamdai kama unavyomdai jirani.

Ya mama bado haijaisha. Siku 9 alirudishiwa. Zile 2 na shilingi 1,350 za bando, bado. Juzi tumepeleka barua ya pili ofisini kwao na nakala yetu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Iko kwenye bahasha, ndani ya kabati la vyombo.